Pembe za Tenga la Duara

Futi niliikuta ndani ya koti la mume wangu, siku ya kufua. Ilikuwa futi ya kitambaa, ile ya mafundi cherehani, imekunjwa vizuri na kutiwa mfuko wa ndani, mfuko ambao mwanamume hatii kitu ila amekusudia kisionekane. Nilikaa nayo pale mtoni, povu limenijaa mikononi, nikajiambia: haya mwenzangu, kumekucha. Mume wangu hakuwa fundi. Hajawahi kushona hata kifungo. Mtu wa namna hiyo anatembea na futi ya nini, kama si ya kumpimia mwanamke gauni?

Mimi ni mtu wa kushuku, sifichi. Nikinunua chumvi naonja kwanza. Mtu akinisifu nauliza anataka nini. Na wakati ule nilijiona nina sababu, kwa kuwa msimu mzima mume wangu alikuwa akirudi kutoka Tanga na fedha pungufu, na kila akiulizwa jibu lake lilikuwa moja tu: "Meli imekula."

Tulikaa Magamba, juu ya Lushoto, pale mashamba yanapokutana na msitu. Ilikuwa wakati wa Mwingereza, baada ya vita vya Hitla. Familia zetu kumi na kitu zililima kabichi, karoti na viazi, na soko la Lushoto lilikuwa dogo, kabichi zikituozea. Tukasikia kwamba Dar es Salaam wanazitaka. Lakini siku hizo hapakuwa na reli kutoka Tanga kwenda Dar es Salaam, na barabara ilikuwa matope matupu, kwa hiyo mzigo ulishuka kwa lori mpaka Mombo, ukapanda gari moshi mpaka Tanga, kisha ukaingia melini. Tukaunda kikundi. Mume wangu akachaguliwa kuufuata mzigo mpaka bandarini, kwa sababu alijua kusoma, tena alikuwa mtu mkimya. Tulimwamini kwa huo ukimya wake. Baadaye tukaanza kuuliza ukimya wote huo unaficha nini.

Kazi ya kufunga matenga ilikuwa ya wanawake, na mkubwa wao nilikuwa mimi. Hapa sina budi nijisifu kidogo. Kwetu tenga halipimwi kwenye ukingo, linapimwa kwenye kichwa chake. Ukishajaza mpaka ukingoni unapanda tena juu: unapanga kabichi tatu nne, unazifunika kwa majani makavu ya mgomba, unaongeza majani ya msituni, unazungusha kamba, mpaka panasimama kilemba. Siku hizi watu wa magunia wanaita lumbesa. Tenga lisilo na kilemba lilikuwa aibu, mwenye nalo alionekana mchoyo, na mnunuzi alilipita bila kuuliza bei. Basi vilemba vyangu vilikuwa virefu, vimesimama wima, kamba zimepishana vizuri, hata watu wa Kwai walikuwa wakija kuviangalia. Nilikuwa nikivipiga kofi kabla havijapanda lori.

Mume wangu alijaribu kutueleza. Jioni, tukila, alikuwa akinihesabia sababu, nami nikimsikiliza huku najisemea moyoni: hebu sema, nikusikie unavyojikoroga. Alisema meli kubwa haifiki ukingoni pale Tanga, inatia nanga mbali, kwa hiyo mzigo unapakiwa kwanza kwenye tishari, lile jahazi bapa la chuma linalovutwa mpaka ubavuni mwa meli, na tishari lina malipo yake. Makuli wanalipwa kushusha kwenye behewa, wanalipwa tena kupakia kwenye tishari. Alisema tangu vita meli ni chache na mafuta yao ni ghali, na meli ikiwa imejaa wakala anakaza bei, ikiwa nusu tupu analegeza. Kabichi nazo hazitaki kwenda chini penye joto, zinataka mahali penye upepo, na mahali hapo pana bei yake.

Hayo yote mtu angeweza kuyameza. Lakini kulikuwa na la mwisho, na hilo ndilo lililomwangusha.

"Halafu," alisema, "hawapimi kwa mizani. Wanapima nafasi. Wanatutoza hewa. Na wanatutoza pembe."

"Pembe gani?"

"Pembe za tenga."

Ebo! Tenga la duara lina pembe wapi? Niliacha kula. Hata mwongo ana adabu yake, anatunga kitu kinachofanana na kweli. Huyu ananiambia fedha ya watu imelipiwa hewa, na imelipiwa pembe ambazo hazipo!

Maneno hayo aliyasema pia mbele ya mwenyekiti wa kikundi. Mwenyekiti wetu alikuwa mtu mnene, mcheshi, aliyepata kuwa mpishi wa Mzungu mmoja huko Kwai, na kwa ajili hiyo kila jambo la kizungu tulimwachia yeye aamue. Alicheka mpaka akashika tumbo. Akasema amepima unga na sukari ya Mzungu miaka mingi, kwa mizani, na hajaona mtu akipima hewa. Wote wakacheka. Tangu siku hiyo mume wangu akawa mzaha wa kijiji. Akipita na jembe wanamuuliza, wakimwita bwana kwa Kisambaa, "Mghoshi, leo hewa inauzwaje?" Naye anatabasamu kidogo, anapita.

Sasa nirudi kwenye futi. Niliirudisha mfukoni, nikamvizia. Kesho yake alfajiri nilijifanya nimekwenda kuchota maji, nikazunguka nyuma ya ghala. Nikamwona ameinama penye matenga yangu, ameshika ile futi. Mguu wangu ukakanyaga kijiti. Akashtuka, akaisokomeza mfukoni.

"Unafanya nini?" nikamuuliza.

"Natazama tu." Kisha akakohoa. "Mke wangu, hivi vilemba, tukivipunguza itakuwaje?"

Damu ilinichemka. "Vipunguzwe? Watu waseme mke wako ni mchoyo? Mama yangu alifunga hivi, na mama yake alifunga hivi, wewe leo unataka kunivua nguo sokoni? Thubutu!" Nilisema mengi, mengine nayaonea haya hata sasa. Alisimama kuyasikiliza yote, kisha akasema, "Basi, yaishe." Hakulitaja tena. Na mimi, badala ya kujiuliza kwa nini mtu anapima tenga, nilijiambia: mjanja huyu, amegeuza maneno ili nisahau mwanamke wa Tanga. Asubuhi ile sikumwamkia. Kwetu mke anamwamkia mumewe shikamoo, na mimi tangu niolewe sikuwa nimeiacha hata siku moja. Siku ile niliiacha, na iliyofuata pia.

Safari iliyofuata fedha zilipungua kuliko mara zote. Ijumaa baada ya swala kikundi kikakaa kwenye baraza ya msikiti, na sisi wanawake wafungaji tukaitwa, tukakaa pembeni. Mume wangu akatoa karatasi ya meli. Mwenyekiti akaigeuza huku na huku, akasema karatasi mtu yeyote anaweza kuandikiwa. Kisha akanigeukia mimi. "Binti yangu, wewe ndiye unayekaa naye. Umeona chochote nyumbani?"

Ningeweza kusema sijaona. Wifi yangu, dada yake mume wangu, alikuwa ameketi karibu nami, akanibana mkono ninyamaze. Nikautoa mkono wangu, nikasimama, nikaitoa futi niliyokuwa nimeichomoa tena kotini na kuificha kwenye pindo la khanga, nikaitupa katikati ya mkeka.

"Hii ilikuwa kwenye koti lake," nikasema. "Aseme ni ya kumpimia nani."

Watu waliguna. Mume wangu aliitazama futi, akanitazama mimi. Sijawahi kuona mtu akinitazama vile, si kwa hasira, alinitazama tu kama mtu anayetaka kuhakikisha ni mimi.

"Ni ya kupimia matenga," akasema.

Mwenyekiti akapiga paja. "Na pembe zake, bila shaka!" Baraza zima likaangua kicheko, na mimi nilicheka. Ndiyo, nilicheka. Akaambiwa alete ufunguo wa ghala, akauleta, na mwenyekiti akaikunja futi akaitia mfukoni mwake, akisema itakaa kwake kama ushahidi. Kazi akapewa mpwa wa mwenyekiti.

Hakuna aliyempeleka polisi wala kwa jumbe. Alichonyang'anywa kilikuwa kitu kingine. Kijana akikutana na mtu mzima njiani husimama, akatoa shikamoo, akangoja marahaba. Baada ya Ijumaa ile, vijana walikuwa wakimwona kwa mbali wanajifanya wanatazama msituni. Watoto wa majirani, waliokuwa wakikimbilia kumpokea jembe, walipita kimya. Alikuwa akipunguza mwendo kidogo kila anapokutana nao, kuwapa nafasi. Kisha akaacha kupunguza.

Mimi bado sikutosheka. Nilitaka kumwona huyo mwanamke kwa macho yangu. Nikaomba nifuatane na mzigo uliofuata, nikasema wafungaji nao wanataka kujua bidhaa zao zinafika vipi. Mpwa wa mwenyekiti hakupenda, lakini mwenyekiti alikubali. Nikashuka Mombo kwenye lori juu ya matenga yangu, nikafika Tanga mifupa yote inaniuma, na macho nimeyatoa kwa kila mwanamke aliyevaa gauni jipya.

Bandarini, mpwa akaenda ofisi ya wakala kushughulikia karatasi, mimi nikabaki ghalani na mzigo. Akaja karani wa vipimo, mtu mzima, miwani imefungwa kwa uzi. Nikamwamkia, akaitika. Alikuwa na rula ndefu ya mbao. Akaisimamisha kando ya tenga langu la kwanza, kutoka sakafuni mpaka juu, si mpaka ukingoni, bali mpaka ncha ya kilemba, pale jani la mwisho lilipochomoza. Akaandika. Akailaza penye tumbo la tenga, akaandika. Akaizungusha upande wa pili, akaandika tena.

"Bwana karani," nikasema, "mbona mizani ile pale huitumii?"

"Bibi, kabichi hizi ni nyepesi. Meli haiwezi kuzama kwa uzito wake, itajaa tu. Tenga lako likishakaa, nafasi yake hakuna mwingine atakayeitumia, nawe unailipia. Chuma ningekipima kwa mizani. Tunaangalia kipi kikubwa, uzito au nafasi."

"Lakini juu hapo ni majani tu."

"Naona. Ila juu ya majani siwezi kupanga kitu."

Nilijua ninachokwenda kuuliza, na sikutaka jibu lake. "Na tenga ni la duara. Unalipima kama sanduku?"

"Kama sanduku. Pembeni pale pembe zinabaki wazi, nitaweka nini humo? Wewe ndiye unayezilipia." Akanitazama juu ya miwani. "Mmetoka mlimani nyinyi? Kuna bwana mmoja wa huko kwenu, mwembamba, mwenye koti la kahawia. Kila safari tulikuwa tukibishana hapa hapa, juu ya majani haya haya. Safari ya mwisho alikuja na futi yake mwenyewe, akanipimia matenga yote, akidhani nakosea. Hatukutofautiana hata kidogo. Simwoni leo, mzima?"

"Mzima," nikasema.

"Nilimwambia, kata hivyo vilemba, utaokoa karibu theluthi ya nauli. Akasema hawezi, mkewe ndiye anayevifunga, na mlima mzima unavisifu."

Nilikaa chini pale pale, kwenye sakafu ya ghala, na makuli wakinipita kushoto na kulia. Sikulia, nilikuwa na hasira mno. Hasira ya nani? Nilitafuta mtu wa kumwekea, nikajikuta peke yangu na matenga yangu. Basi nikainuka. Nikaomba kisu kwa kuli mmoja, nikaanza kukata kamba. Kilemba kimoja baada ya kingine. Kabichi za juu nilizikusanya kwenye matenga mawili ya akiba, majani nikayatupa, nikafunga kila tenga sawasawa na ukingo, limelala bapa kama meza. Karani alinisubiri, Mungu ampe heri. Nilipomaliza akapima upya. Lundo la majani pale sakafuni lilinifika kifuani.

Mpwa wa mwenyekiti aliporudi, lundo lilikuwa bado lipo. Aliliona. Akayaona na matenga yamenyolewa. Akachukua karatasi ya vipimo, akaisoma, akaikunja, hakuuliza neno. Mpaka leo sijui kama hakuelewa, au alielewa upesi kuliko mimi.

Tulipofika Magamba yeye alinitangulia. Mimi nilipita nyumbani kwanza kunawa, nikakuta mume wangu hayupo, kumbe yuko shamba, na nilipofika kwenye baraza ya msikiti shangwe ilikuwa imekwisha kuanza. Mwenyekiti ameinua karatasi juu. "Mnaona? Mnaona wenyewe? Safari moja tu bila yeye, na nauli imeshuka! Hewa imekwenda wapi? Pembe zimekwenda wapi?" Wakacheka, wakampiga mpwa mgongoni.

Nikasimama katikati ya wanaume, kitu ambacho mwanamke hafanyi. Nikawaeleza yote. Rula, ncha ya jani, sanduku, pembe zilizo wazi. Nikasema mwizi ni mimi na kamba zangu. Nikamgeukia mpwa: "Si uliyaona majani? Sema!" Akasema yeye alikuwa ofisini, aliona takataka tu, na bandarini takataka ni nyingi.

Mwenyekiti hakunikasirikia, na hilo ndilo lililoniuma. Alinisemesha kwa upole, kama mgonjwa. "Binti yangu, kaa. Mke mwema humfunika mumewe, hatukulaumu. Lakini siku ile ulituletea futi kwa mkono wako mwenyewe, hakuna aliyekulazimisha. Siku ile ulisema kweli. Leo unaisemea ndoa yako."

Nikaomba nirudishiwe ile futi. Akasema atanitafutia.

Mume wangu alikuwa amerudi, amekaa kwenye kigoda nje ya nyumba, anasugua udongo kwenye jembe. Bila shaka kicheko kilikuwa kimemfikia, baraza haiko mbali. Nikapiga magoti. "Shikamoo."

Alikawia. "Marahaba." Kisha akauliza, "Umevikata?"

"Nimevikata."

"Vyote?"

"Vyote. Kwa nini hukuniambia kwa nguvu? Kwa nini hukunipiga kelele, mume wangu, ukaniambia mjinga wewe, ni vilemba vyako?"

Akaangalia jembe lake. "Nilikuambia," akasema. "Halafu, vilikuwa vizuri kweli."

Tangu hapo matenga ya Magamba yalikwenda Tanga bila vichwa, nauli ikakaa chini msimu baada ya msimu, na mimi ndiye niliyewafundisha wanawake kufunga bapa. Hakuna kazi niliyowahi kuifanya vizuri ikaniumiza vile. Kila meli iliyotutoza kidogo ilikuwa shahidi mpya dhidi ya mume wangu. Watu wakisema, "Enzi za yule bwana tulikuwa tukiibiwa hasa," na sauti hawaishushi hata nikiwa karibu. Nilibishana nao kwenye maziko, kwenye harusi, kisimani. Waliniachia nimalize, wakabadilisha mazungumzo. Nyumbani nilimwamkia asubuhi, mchana na jioni, mpaka akawa ananicheka. "Hizo ni za vijana wote wa kijiji?" alikuwa akiniuliza. Nilikuwa najua hazitoshi.

Alikufa kabla ya Uhuru, kifua kilimsumbua. Jeneza lilipokuwa uani, likingoja kubebwa, sisi wanawake tulikuwa ndani, na mimi nimekaa karibu na dirisha. Kaka yake akasema maneno yanayosemwa kwetu, kwamba kama marehemu ana deni la mtu, mwenye kudai ajitokeze kwa warithi. Kisha nikasikia fimbo, na sauti ya mwenyekiti, mzee sasa, sauti yenye huruma kabisa.

"Sisi wa kikundi," akasema, "lile la fedha za meli, tumemsamehe."

Watu wakaitika amina. Wote, kwa sauti moja, hata kaka yake.

Niliruka mpaka dirishani. "Mnamsamehe nini?" nikapiga kelele. "Mnamsamehe nini nyie? Ni mimi! Ni vilemba vyangu!" Wifi yangu akanishika kiuno, wengine wakanishika mikono, wakanikalisha chini na kunifunika khanga. Nje nikasikia jeneza linainuliwa. Wanawake wakawa wananipangusa uso, wakiambiana taratibu kwamba ni uchungu wa kufiwa, utapungua.